Usajili Simba na Yanga: Kijiwe chabishania majina, mali iko kwenye mkataba

KILA ligi inapomalizika na dirisha kubwa la usajili likafunguliwa katikati ya mwaka, meza za magazeti za Kariakoo jijini Dar es Salaam hupata wateja wa aina mbili. Wapo wachache wanaotoa fedha na kuondoka na gazeti lao, na wapo wengi wanaosimama mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari bure, kisha wanaanza kubishana hapo hapo mpaka mwenye meza anawafukuza.

Ubishi ni ule ule kila mwaka, majina ndiyo hubadilika. Simba wamemchukua nani? Yanga wamemwacha nani? Yule kiungo aliyeshuka uwanja wa ndege usiku ni jembe au ni garasa? Shabiki wa upande mmoja atasema, "Mtani, hapo mmepigwa," na mwenzake atamjibu asubiri ligi ianze. Mwingine atatoa simu mfukoni aonyeshe vipande vya video vya mchezaji huyo akipiga chenga watu wanne, na mzee aliyekaa pembeni na kahawa yake atakumbusha kwamba wapo waliowahi kuletwa kwa video nzuri kuliko hizo wakaishia kukaa benchi.

Hapo Kariakoo ndipo penyewe. Makao makuu ya Yanga, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, yapo mitaa ya Twiga na Jangwani. Ya Simba, iliyozaliwa mwaka mmoja baadaye, yapo mtaa wa Msimbazi. Kutoka jengo moja hadi jingine ni mwendo wa miguu, na katikati yake lipo soko kubwa kuliko yote nchini, ambako watu wanajua bei ya gunia la vitunguu la jana na la leo, na wanaweza kukwambia mzigo upi utashuka bei wiki ijayo.

Cha kushangaza ni kwamba watu hao hao, ambao hawawezi kununua mzigo bila kuuliza utakaa ghalani muda gani kabla ya kuharibika, wakifika kwenye usajili huuliza mambo mawili tu: ametoka wapi, na amechukua shilingi ngapi. Swali la tatu, yaani mkataba wake unaisha lini, halikuwa likiulizwa sana mpaka miaka ya karibuni, na limeanza kuulizwa baada ya klabu zote mbili kuumia.

Hata neno "jembe" lenyewe limetoka shambani. Mkulima anaponunua jembe anajua litamfaa misimu mingapi, na likichakaa anajua alishalipata faida yake. Jembe la mpira lina sifa moja ambayo la shambani halina: siku mkataba unapokwisha linaondoka lenyewe, linavuka barabara na kwenda kulima kwa jirani.

Julai ya Chama na Aziz Ki

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea katikati ya mwaka 2024, na ulitokea kwa watani wote wawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo huwa ni nadra.

Upande wa Msimbazi alikuwapo Clatous Chama, kiungo wa Zambia ambaye kwa misimu kadhaa alikuwa ndiye roho ya timu. Upande wa Jangwani alikuwapo Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, aliyeletwa mwaka 2022 kutoka ASEC Mimosas ya Ivory Coast, na ambaye alikuwa ametoka kumaliza msimu wa 2023/24 akiwa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 21. Mikataba ya wote wawili ilikuwa imefika ukingoni.

Vijiweni, mjadala ulikuwa wa mapenzi. Mashabiki wa Simba waligawanyika, wengine wakisema Chama ameshachoka na aachwe aende, wengine wakisema mtu wa aina hiyo haachwi hata akiwa na magongo. Mashabiki wa Yanga hawakugawanyika, waliogopa tu. Kila siku ilikuja na taarifa yake kwamba Aziz Ki anakwenda kaskazini mwa Afrika, au anakwenda kusini, au amekwisha kusaini mahali.

Mwanzoni mwa Julai Yanga ikamtangaza Chama. Simba haikupata ada ya uhamisho, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuuza: mkataba ulikwisha, mchezaji akawa huru, akachagua anakotaka. Kabla mwezi huo haujaisha, Aziz Ki naye akaongeza mkataba Jangwani.

Hapo ndipo hesabu inapotofautiana. Mwaka 2025, kabla ya Kombe la Dunia la Klabu lililofanyika Marekani, Wydad Casablanca ya Morocco ilimtaka Aziz Ki. Safari hii hakuwa mtu huru, alikuwa na mkataba hai, hivyo ililazimu Wydad ikae mezani na Yanga. Kama asingeweka saini ile ya Julai 2024, angekwenda Morocco au kwingine kokote kwa nauli ya ndege tu, na Yanga ingebaki na picha za ukutani.

Ni wachezaji wawili wa kiungo, wenye thamani kubwa kwa klabu zao, waliofikia mwisho wa mkataba msimu mmoja. Mmoja akawa bidhaa inayouzika, mwingine akawa zawadi kwa mtani. Hakuna chenga wala bao lililoleta tofauti hiyo. Ililetwa na karatasi.

Simba isilaumiwe kana kwamba haijui kuuza. Agosti 2021 ilimuuza Chama huyo huyo kwa RS Berkane ya Morocco, na katika dirisha hilo hilo ikamuuza Luis Miquissone wa Msumbiji kwa Al Ahly ya Misri. Ilikuwa biashara ya aina ambayo klabu za Tanzania hazikuizoea. Lakini msimu uliofuata ubingwa, ambao Simba ilikuwa imeutwaa mara nne mfululizo, ukahamia Jangwani, na Januari 2022 Chama akarudishwa Msimbazi. Tangu hapo shabiki wa Simba akisikia neno "kuuza" hushika kichwa, na huwezi kumlaumu.

Yanga nayo ilimuuza mshambuliaji wake Fiston Mayele kwa Pyramids ya Misri mwaka 2023, akiwa ametoka kufunga mabao 17 katika ligi. Wengi walitabiri msiba, na kweli pengo lilionekana, lakini ubingwa wa 2023/24 ulibaki pale pale. Kwa hiyo anayesema kuuza nyota ni kujiua ana ushahidi wake, na anayesema si kujiua naye anao. Suala ni nani amebaki kikosini siku nyota anapopanda ndege.

Fedha ya usajili ni ipi?

Katika lugha ya mtaani, mchezaji "wa milioni 100" huwa na maana inayoyumba. Kuna ada ya uhamisho, ambayo klabu inayonunua huilipa klabu inayouza ili mkataba uliopo ukatishwe. Kuna fedha ya kusaini, ambayo anapewa mchezaji mwenyewe mkononi. Kisha kuna mshahara wa kila mwezi. Hapa nchini mara nyingi kinachoitwa dau la usajili ni hiyo ya pili, na ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa magazetini.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Klabu imempa mchezaji Sh120 milioni asaini miaka miwili, na mshahara wake ni Sh8 milioni kwa mwezi. Ile Sh120 milioni ukiigawanya kwa miezi 24 ni Sh5 milioni kila mwezi. Ukijumlisha na mshahara, mchezaji huyu anaigharimu klabu Sh13 milioni kwa mwezi, na hadi mwisho wa mkataba Sh312 milioni. Hapo bado nyumba, tiketi za ndege za likizo, matibabu na posho za ushindi. Kijiweni atabaki kuwa mchezaji wa milioni 120.

Sasa tuseme baada ya miezi sita kocha anasema hamtaki. Klabu imekwisha kutoa Sh168 milioni, na mbele yake kuna mishahara ya miezi 18, yaani Sh144 milioni, ambayo mchezaji ana haki ya kuidai au kujadiliana nayo. Shabiki anayepiga kelele "mwacheni aondoke, hatumtaki" hajui kwamba anaidhinisha malipo. Na klabu ikijifanya haijui, mchezaji wa kigeni hupeleka madai yake FIFA, hukumu ikitoka na malipo yasipofanyika klabu hufungiwa kusajili. Klabu za Ligi Kuu zimekwishakutana na adhabu hiyo, na mara nyingi mashabiki huisikia siku ambayo wanasubiri kutambulishiwa mtu mpya.

Kuna mashabiki wanaofuatilia ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, na hushangaa kwa nini Simba na Azam zisibadilishane wachezaji tu, huyu aje huyu aende, kama ilivyo kule. Kule timu hubadilishana mikataba, na mara nyingi mchezaji huambiwa tu afunge mizigo. Katika soka la FIFA haliwezekani bila saini ya mchezaji. Zaidi ya hapo, miezi sita ya mwisho ya mkataba inampa mchezaji ruhusa ya kuzungumza na kukubaliana na klabu nyingine. Ndiyo kusema mchezaji aliyebakiza nusu mwaka ana thamani ndogo sokoni hata kama anafunga kila Jumamosi, sawa na nyanya zilizoiva zikiwa bado ziko kwenye lori.

Madarasa matatu ya bure

Kijiwe kimesomeshwa sheria za mikataba kwa kesi tatu, na ada ya masomo ililipwa na klabu.

Ya kwanza ni ya Emmanuel Okwi. Januari 2013 Simba ilimuuza mshambuliaji huyo wa Uganda kwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola za Marekani 300,000. Kwa wakati ule ilikuwa fedha ya kutisha, na watu wa Msimbazi walitembea vifua mbele. Fedha haikuja. Mchezaji akagombana na klabu yake mpya, akarudi Uganda kuchezea SC Villa, na kabla ya mwaka kwisha akawa amevaa jezi ya Yanga, huku Simba bado inaidai Etoile na shauri likiwa limefika FIFA. Mwaka 2014 akarudi Simba. Hadi leo wakongwe wa vijiweni wakisikia mchezaji ameuzwa kwa mamilioni huuliza kwanza, "Imeingia benki?"

Ya pili ni ya Bernard Morrison wa Ghana. Alitua Yanga Januari 2020, akawafunga Simba, akapendwa. Agosti mwaka huo akatangazwa Simba. Yanga ilisema ana mkataba wa hadi 2022, mchezaji akasema mkataba wake ulikuwa wa miezi sita na umekwisha. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, ilikaa siku kadhaa, nje ya ofisi mashabiki wakiwa wamejaa kana kwamba kuna mechi, na ikaamua kwamba yu huru. Yanga ikakata rufaa Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, huko Uswisi, na Novemba 2021 ikashindwa. Katikati ya 2022 Morrison alirudi Yanga, wale waliokuwa wakimzomea wakamshangilia, na kesi yote ikabaki kuwa somo la jinsi ukurasa wa mkataba unavyotakiwa kusainiwa.

Ya tatu ndiyo iliyoingia hadi majumbani. Desemba 2022 Feisal Salum "Fei Toto", aliyejiunga na Yanga mwaka 2018 akitokea JKU ya Zanzibar, aliingiza Sh112 milioni katika akaunti ya klabu: Sh100 milioni za kuvunja mkataba na Sh12 milioni za mishahara ya miezi mitatu. Aliaga na kusema amekwisha. Yanga ikamrudishia fedha zake. Kamati ya TFF ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga.

Kwa miezi takriban sita Tanzania nzima ilikuwa na mawakili. Wauza chipsi, makondakta wa daladala na walimu wa shule walikuwa wakibishana iwapo mtu anaweza kujinunua mwenyewe. Waliosema "kazi ni hiari, mwacheni kijana" walikuwa na hoja ya utu. Waliosema mkataba hauvunjwi na upande mmoja bila sababu ya msingi walikuwa na hoja ya sheria, na ndiyo iliyosimama. Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaalika Yanga Ikulu baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, aliwaomba walimalize suala hilo. Siku chache baadaye Azam FC na Yanga zikakubaliana, Fei Toto akahamia Chamazi.

Angalia mwisho wa kesi hiyo kwa jicho la biashara. Desemba, fedha ilitoka kwa mchezaji ikiwa na kiasi alichokipanga yeye. Juni, mezani walikaa muuzaji na mnunuzi. Katika kipindi hicho Fei Toto hakucheza, kipaji cha miaka yake mizuri kikakaa nje, na hasara hiyo hakuna kamati iliyoikadiria. Kwa upande huo waliomtetea kijana walikuwa wameona kitu.

Mashamba ya miwa na watoto wa Tanga

Mjadala wa Kariakoo huishia Kariakoo. Ni nadra mtu kuuliza alikotoka mchezaji, wamepata nini?

Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari huko Turiani mkoani Morogoro, iliwahi kuwa bingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Baada ya hapo imejulikana zaidi kama kitalu. Mwaka 2016 pekee Simba ilichukua vijana watatu kutoka huko kwa mpigo: Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Oktoba mosi mwaka huo, Kichuya akapiga kona iliyoingia moja kwa moja nyavuni mwa Yanga, matokeo yakawa 1-1, na jina la Turiani likatajwa redioni kwa wiki moja. Kagera Sugar ya mkoani Kagera nayo imekuwa ikifanya kazi ya aina hiyo hiyo, mbali na kamera.

Anayekuza miche anajua kwamba hailipi kama ataingoja mpaka ikomae halafu amwachie jirani aing'oe usiku. Timu ya mkoani inayomsainisha kijana wa miaka 19 mwaka mmoja mmoja ili isibanwe na mshahara, inajiokoa leo na kujinyima kesho. Akichanua, mkataba umekwisha, anaondoka na begi lake. Azam yenye uwezo mkubwa iliona uchungu huo mwaka 2017, walipoondoka Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na nahodha John Bocco, wote wakaelekea Simba. Msimu uliofuata Simba ikatwaa ubingwa ambao haikuuona tangu 2011/12. Pengine ule ndio usajili bora kuliko wote uliofanywa na klabu ya Tanzania katika miaka hiyo, na hakuna aliyeshuka uwanja wa ndege usiku.

Coastal Union ya Tanga, mabingwa wa 1988, ilionyesha upande wa pili. Juni 2024 Simba ilimtangaza beki kijana wa Coastal, Lameck Lawi, kwa mbwembwe zote. Watu wa Tanga wakasema masharti ya malipo hayakutimizwa katika muda uliokubaliwa, hivyo mauzo hayapo. Shauri likapelekwa TFF, na Lawi hakuichezea Simba msimu huo. Mashabiki wa Msimbazi walikasirika, lakini muuza mahindi yeyote anayesubiri fedha iliyoahidiwa tarehe fulani huku magunia yamekwisha kupakiwa ataielewa Coastal bila kufafanuliwa.

Kuna mlango mwingine wa fedha ambao timu ndogo nyingi hupita bila kuugonga. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa na mkataba, kanuni za FIFA hutenga asilimia tano ya ada kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka kati ya 16 na 23 una nusu asilimia ya ada yote, na ile ya 12 hadi 15 ina robo asilimia kila mmoja. Mchezaji akiuzwa kwa dola milioni 10, klabu iliyokaa naye mwaka mmoja tu alipokuwa na miaka 17 ina haki ya dola 50,000.

Hiyo si ndoto ya mbali. Mbwana Samatta alipita African Lyon, akaingia Simba, na mwaka 2011 akauzwa kwa TP Mazembe ya Kongo pamoja na Patrick Ochan wa Uganda, baada ya Mazembe kuwaona katika mechi za Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 Aston Villa ya Uingereza, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya huko. Kila hatua ya namna hiyo ina fungu la waliomlea. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu kinachokusanya na kugawa fedha hizo kwa kufuata kumbukumbu za usajili za kielektroniki. Timu isiyosajili vijana wake rasmi haimo kwenye kumbukumbu, na jina lake halitaonekana siku ya mgawo hata kama mtaa mzima unamkumbuka mtoto huyo akicheza peku.

Anayelipa na anayebishana

Zamani kila dirisha lilikuwa na mtu wake. Simba ilimtazama Mohammed Dewji, Yanga kuanzia 2006 ilimtazama Yusuf Manji, aliyefariki dunia Juni 2024. Tajiri akifurahi timu inasajili, akinuna timu inalala njaa. Baadaye mikataba ya udhamini ikaanza kubeba mzigo: bia ya Kilimanjaro ilikaa vifuani mwa timu zote mbili, kisha SportPesa ikaingia 2017. Mwaka 2022 Simba ilitangaza mkataba na M-Bet wa Sh26.1 bilioni kwa miaka mitano, na Yanga ukaendelea na SportPesa kwa zaidi ya Sh12 bilioni kwa miaka mitatu. Azam Media nayo mwaka 2021 ilinunua haki za matangazo ya ligi kwa Sh225.6 bilioni kwa miaka kumi. Fedha imekuwa nyingi, na wanaoitoa wanataka kuona majina makubwa, si vijana wa Turiani.

Shabiki hulipa kidogo kidogo. Hulipa siku ya Simba Day, iliyoanza mwaka 2009, na Wiki ya Mwananchi ya Yanga iliyoanza 2019, ambako tiketi inauzwa ili watu wakawaone wachezaji wapya wakiitwa kwa majina. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Hata kama viti 40,000 tu vitauzwa kwa Sh5,000, hiyo ni Sh200 milioni kabla ya makato, na mpira wenyewe ni wa kirafiki. Hulipa kadi ya uanachama, na hulipa jezi.

Jezi ndiyo inayomrudisha mtu kwenye meza za Kariakoo. Wafanyabiashara wanaochapa majina mgongoni wanajua wazi kwamba jezi ya mchezaji aliyevuka barabara haina mnunuzi. Msimbazi hawaitaki kwa hasira, Jangwani hawaitaki kwa rangi. Julai 2024 zilikuwapo jezi nyekundu zenye jina la Chama zikining'inia, na aliyekuwa nazo nyingi hakuwa na kamati ya kulalamikia.

Ndiyo maana siku hizi, dirisha likifunguliwa, wapo wateja wanaotaka namba tu bila jina. Na pale kwenye meza ya magazeti, mabishano yakipamba moto kuhusu mtu mpya, atatokea mmoja ambaye hajagusa simu wala video, aulize amesaini miaka mingapi. Akijibiwa mmoja, huguna.